Neema Haimlegezi Mtu

Mwaka jana, katika kikao cha baraza la wazee wa usharika mmoja hapa Mbeya, mzee mwenzangu alisimama akasema maneno yaliyoninyima usingizi. Shauri lililokuwa mezani lilimhusu binti wa kidato cha tatu aliyezaa, akamwacha mtoto kwa bibi yake, akarudi darasani. Serikali haikumzuia. Tangu Novemba 2021, kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo, mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa ujauzito hupewa nafasi ya kurudi shuleni. Sisi tulikuwa tunajadili kama binti huyo arudishwe pia kwenye Meza ya Bwana, au asimame kwanza mbele ya watu. Mzee mwenzangu akasema, "Neema ikizidi, watoto wetu wataharibika." Wengi wakatikisa vichwa kukubali.

Mimi nasema la hasha. Nitamjibu humu, kwa kuwa siku ile sikupewa nafasi ya kumaliza.

Ndugu msomaji, fungua Waraka wa Paulo kwa Tito, sura ya pili. Mtume anasema pale kwamba neema ya Mungu imefunuliwa, kisha anaitajia kazi yake. Hasemi kwamba inafumba macho, wala kwamba inaifanya dhambi kuwa kitu kidogo. Anasema inafundisha: inatufundisha kuukataa ubaya, na kuishi kwa kiasi, kwa haki na kwa utauwa. Nimeshika chaki kwa miaka 35, na neno hilo siwezi kulipita hivi hivi. Katika Kiyunani, neno alilotumia Paulo ni lile la kumlea mtoto, kumwongoza na kumrudi mpaka akomae. Neema basi ni mlezi. Anayesema neema inaharibu watoto amemwona mwalimu akiingia darasani, akadhani likizo imefunguliwa.

Tena utazame utaratibu wa sura ile. Paulo alipotaka maisha ya Wakristo wa Krete yanyooke, hakuanza na mabinti. Alianza na wazee wanaume, kwamba wawe watu wa kiasi na wenye kustahiwa. Baada yao wazee wanawake, ndipo wakafuata vijana. Sisi wa mabaraza tumeisimamisha sura hiyo kichwa chini, miguu juu.

Mimi neema niliijua kwa njia ya aibu. Mwaka 1976 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka Chuo cha Ualimu Mpuguso, nikapangiwa shule ya kijijini wilayani Rungwe. Zilikuwa siku za Elimu ya Kujitegemea. Shule ilikuwa na shamba, na fedha za mauzo ya mahindi nilizitunza mimi. Shilingi 180 zikaishia kwenye kimpumu, kidogo kidogo, jioni baada ya jioni. Ilipokuja habari kwamba mkaguzi yu njiani, mwalimu mkuu wangu aliniita, akafungua daftari, akaniuliza. Nikakiri. Nilijua kazi imekwenda, na huenda nami nikaenda gerezani. Mzee yule alikuwa Mmoraviani, wa jamaa zilizolelewa na misheni ya Rungwe tangu ilipoanzishwa mwaka 1891. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akatoa fedha zake mwenyewe, akazitia sandukuni. Kesho yake asubuhi akanikabidhi tena ufunguo wa sanduku lile lile.

Hakunihubiria. Lakini tangu siku ile mpaka nilipostaafu mwaka 2010 sikugusa senti ya shule, na kimpumu sikukionja tena. Angenishtaki, ningemwogopa mkaguzi. Na anayemwogopa mkaguzi huwa mwaminifu siku za ukaguzi tu. Ufunguo ule ulinifunza hata pale pasipokuwa na mtu wa kuniona. Nilimrudishia fedha zake kwa muda wa miezi saba, naye hakuwa amezidai.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Zakayo. Sheria ya Musa ilimtaka mtu aliyedhulumu na akakiri arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alisema atarudisha mara nne, na nusu ya mali yake atawapa maskini. Nani alimdai kiasi hicho? Yesu alikuwa amemwambia tu ashuke kutoka mkuyuni, kwa maana leo atakaa nyumbani kwake. Watu walinung'unika kwa sababu Yesu alitangulia kwenda kwake, kabla mwenye nyumba hajatubu mbele yao. Kama angesimamishwa mbele ya sinagogi Sabato tatu, nadhani angelipa ile sehemu ya tano, tena kwa kubishania hesabu, maana alikuwa mtoza ushuru.

Sasa sikia nilichofanya mimi baada ya fundisho lile. Mwaka 1988 nilikuwa nimehamia Iringa. Nilikuwa mwalimu mkuu, na tena mzee wa kanisa. Msichana wa darasa la saba akaonekana ni mjamzito. Barua ya kumfukuza shule niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri ninaousifia. Utaratibu wa siku hizo ulitaka hivyo. Lakini hakuna utaratibu ulionizuia kwenda kwao kuketi na mama yake, na sikwenda. Kanisani tukamtenga. Alisimama mbele Jumapili tatu, amejifunika khanga ya mama yake, na mimi nimeketi kwenye viti vya wazee. Mwanamume mwenye mimba ile alijulikana kijiji kizima. Alikuwa ametoa bando mbili za mabati kwa ajili ya paa la kanisa. Alikaa benchi la pili, na sadaka yake niliipokea kwa mkono huu huu. Kabla mwaka haujaisha binti alipanda basi la Dar es Salaam kwenda kufanya kazi za ndani, kama mabinti wengi wa Iringa. Sikumwona tena.

Nani alijifunza utauwa katika Jumapili zile tatu? Binti alijifunza kwamba kanisani mnyonge hana wakili. Wenzake walijifunza kuficha. Mwanamume alijifunza bei: bando mbili. Na mimi niliyewahi kukabidhiwa ufunguo nilikuwa yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, akatoka akamkaba mwenzake kwa dinari mia.

Najua mzee mwenzangu atanikumbusha wale wanaojificha nyuma ya neno hili. Wapo. Mtu ametelekeza mke na watoto, ukimuuliza anakujibu kwamba yuko chini ya neema. Paulo aliwajibu katika sura ya sita ya Waraka kwa Warumi. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyenyongwa na utawala wa Hitler Aprili 1945, alikuwa ameandika kitabu mwaka 1937 kuikemea neema rahisi. Nakubaliana nao wote wawili. Lakini tuulizane: katika kanisa lile la Iringa, neema rahisi alipewa nani? Alipewa mwenye mabati, msamaha bila hata kuulizwa jina.

Wala sisemi binti asiambiwe kitu. Aambiwe alipokosea, nyumbani kwao, na mama mtu mzima anayempenda, huku mtoto akipakatwa na mtu mwingine ili yeye apate kula. Baba wa mtoto naye afuatwe kwake. Sheria ya nchi, tangu mwaka 2016, inamtishia miaka 30 jela anayempa mimba mwanafunzi, na bado katika kikao chetu cha saa mbili hakuna aliyeuliza ni nani.

Haya niliyasema nusu tu. Nilipofika kwenye habari za mabati, mwenyekiti alitazama saa, akasema tufunge kwa sala, na shauri likaahirishwa. Kabla ya sala niliomba jambo moja liandikwe katika muhtasari: binti asiitwe tena mbele ya baraza mpaka jina la mwanamume liwe limesomwa kwanza. Katibu alishika kalamu, akamtazama mwenyekiti. Muhtasari huo haujasomwa mpaka leo.