Kupanga Si Utumwa

Katika vyama vya akiba na mikopo vya kwetu Nyanda za Juu Kusini upo ubishi ambao haujaisha. Chama kinapotaka kuacha madaftari na kutumia kompyuta, huwekewa mbele njia mbili. Ya kwanza ni kuwa na mfumo wa peke yake: programu yake, kanzidata yake, mashine yake ndani ya kabati la ofisi. Ya pili ni kupanga. Vyama vingi hutumia programu moja iliyo kwenye mashine za mbali, na kila kumbukumbu hubandikwa alama ya mwenyewe, ili chama cha Mbeya kisione akiba za wanachama wa Iringa. Mimi nasema wazi kwamba kwa chama kidogo njia ya pili ndiyo bora, na wanaowatisha watu waikimbie hawawatendei haki.

Hoja yao ya kwanza ni heshima. Wanadai chama kinachojitegemea hakipangi. Maneno matamu hayo, lakini kujitegemea kupi? Nimeingia katika ofisi kadhaa za vyama, Mbeya na Iringa, nikaziona hizo mashine za "kwetu wenyewe". Imefunikwa kitambaa cha kufuma, vumbi limejaa, fundi aliyeifunga amehamia Dar es Salaam, na nakala ya akiba imehifadhiwa humohumo ndani ya mashine inayotakiwa kukingwa. Ikiungua, vyote vimekwenda.

Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba tundu katika Windows. Mei mwaka huohuo kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu hilohilo na kufunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150. Dawa ilikuwapo kwa miezi miwili. Mashine nyingi hazikuwa na wa kuzinywesha. Katika mfumo wa pamoja fundi huziba tundu mara moja, wapangaji wote wakapona. Mifumo ikiwa 40, imetawanyika kutoka Kyela hadi Mafinga, kazi hiyohiyo itafanywa mara 40, na gharama yake itatoka katika akiba za wanachama.

Hoja ya pili ni siri. Lakini vyama hivihivi tayari vimo katika MUVU, mfumo mmoja wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika unaotumiwa na vyama vya nchi nzima. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kukusanya taarifa za watu azilinde, awe amejenga au amepanga. Kabati lisilo na kufuli imara halitunzi siri ya mtu.

Hoja ya tatu ni nzito, nami siikwepi: moto wa nyumba ya pamoja. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, moto haukuuliza nani mwangalifu na nani mzembe. Katika programu pia imetokea. Aprili 2022 mafundi wa kampuni ya Atlassian walifuta kwa makosa makazi ya wateja 775. Nakala za akiba zilikuwapo, ila hapakuwa na njia ya haraka ya kuwarudishia mamia ya wateja mali yao bila kuwagusa majirani. Wengine walisubiri hadi siku 14. Hebu fikiria mkulima wa viazi anayehitaji mkopo wa mbolea, mvua imeshaanza, anaambiwa asubiri wiki mbili.

Basi tusipange? La. Tupange kwa mkataba. Kila mwezi mwenye mfumo atukabidhi nakala ya kumbukumbu zetu, katika hali ambayo programu nyingine inaweza kuzisoma, nasi tuijaribu kweli. Aonyeshe kwamba anaweza kuturudishia za kwetu peke yake. Tukitaka kuhama, au chama kikigawanyika kama Njombe ilivyotoka Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016, kila upande uondoke na vilivyo vyake. Na vitabu vya wanachama viendelee kuandikwa kwa mkono, kwa sababu Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima.

Chama kikubwa chenye mafundi wa kuajiriwa kijenge chake, sikizuii. Kwa hivi vyetu vidogo, katika mkutano mkuu yeyote anayesimama kutuuzia mashine ya peke yetu aulizwe swali moja: mwaka wa tatu, wewe ukishaondoka, nani ataitunza? Akikosa jina la kutaja, akae chini.