Moshi Mweusi Si Nguvu: Moteri Ipimwe Kabla ya Mtu



Mgonjwa akifika kwenye dispansere tunampima kwanza. Tunamwekea termometri kwapani, tunamfunga mkono na kusoma tansio, kisha tunaandika kwenye fishi yake. Hatusemi: "Uso wake uko vizuri, arudi kazini." Basi, juu ya nini moteri ya mazutu inayoshuka chini ya udongo pamoja na watu ipimwe kwa sikio tu? Dereva anasikiliza, anasema "inalia vizuri", na kazi inaendelea. Mimi ninasema hapana. Vyombo vya kupima moteri ni vyombo vya afya sawa na termometri yetu. Vikitumika vizuri kwenye garaji, watu wachache watafika kwetu.

KUPIMA SI JAMBO JIPYA

Watu wa zamani waliotengeneza masini hawakuamini maneno. Kule Uingereza, mwaka 1796, John Southern, aliyefanya kazi pamoja na James Watt, alipata namna ya kuchora kwenye karatasi nguvu ya mvuke ndani ya silinda. Mwaka 1821, Gaspard de Prony wa Ufaransa alikaza breki ya mbao kwenye mti unaozunguka wa masini, akaweka uzito kwenye mkono wa breki ile. Toka siku hizo nguvu ya masini ilijulikana kwa hesabu, si kwa majivuno ya mwenye masini.

Mwaka 1897, kule Augsburg, Ujerumani, profesa Moritz Schröter alipima moteri ya Rudolf Diesel. Aliona kwamba katika kila sehemu 100 za moto wa mafuta, karibu 26 ziligeuka kazi. Masini za mvuke za wakati ule zilikuwa nyuma sana. Diesel alikuwa amesema maneno mengi mbele ya siku ile. Kipimo ndicho kilichofanya watu wamwamini.

MOSHI UNASEMA NINI?

Moshi mweusi: mazutu ni mengi kuliko hewa. Pengine filtre ya hewa imejaa vumbi, pengine enjekteri inadondosha matone badala ya kupuliza ukungu, pengine pompi imefunguliwa kupita kipimo. Moshi wa bluu: moteri inakula oili. Moshi mweupe usioisha hata moteri ikipata moto: mazutu hayaungui, ao maji yanaingia ndani ya silinda.

Lakini jicho peke yake halitoshi, zaidi chini ya udongo ambako mwanga ni kidogo. Makanika ana manometri ya kupima kompresio. Ana pompi ya mkono ya kujaribu enjekteri na kuona inafunguka kwa nguvu gani. Kuna na chombo cha Bosch cha kupima moshi: kinavuta kiasi kimoja cha moshi kupitia karatasi nyeupe ya filtre, kisha taa ndogo inasoma weusi wa karatasi ile, toka 0 mpaka 10. Hapo hakuna mabishano. Namba inaandikwa, na mwezi ujao inalinganishwa na namba mpya.

NDEGE WA MINA

Hewa nayo inapimwa. Mwaka 1896 munganga John Scott Haldane wa Uingereza alieleza juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe waliokufa katika milipuko ya mina. Alionyesha kwamba wengi hawakuuawa na pigo wala moto, bali na hewa mbaya ya oksidi ya kaboni. Alishauri watu washuke na panya ao ndege mdogo, kwa maana mwili mdogo unaanguka mbele ya mwili wa mtu. Mina za Uingereza zilitumia ndege hao mpaka mwaka 1986. Toka mwaka 1937 kampani Dräger ya Ujerumani ilitoa kichupa cha kioo chenye dawa inayobadilisha rangi ikikuta hewa hiyo, na leo kuna vyombo vidogo vya umeme vinavyolia.

Pasipo chombo, ndege ni dereva mwenyewe.

Oksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu anataka kutapika. Anafikiri ni malaria. Angalia alama hii: kama kichwa kinauma kila siku ya kazi na kinapona siku ya mapumziko, usimeze kidonge na kunyamaza. Mwambie munganga unafanya kazi nyuma ya masini gani.

Masizi ya mazutu yanaua polepole zaidi. Mwaka 2012 ofisi ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia kansa, kule Lyon, ilithibitisha kwamba moshi wa mazutu unaleta kansa ya mapafu. Mwaka uleule ulitoka uchunguzi juu ya wachimbaji zaidi ya 12,000 wa mina 8 za Marekani: waliovuta moshi huo zaidi walikufa zaidi na kansa hiyo.

TANI NA MAPAFU

Sasa tuseme ukweli. Kuna madereva wanaomwomba makanika: "Fungua pompi kidogo, nipate nguvu." Nguvu inaongezeka kidogo, kisha mazutu yanapita bomba bila kuungua, moteri inapata moto kupita kiasi, na mwenzako aliye nyuma anavuta. Lakini kosa si la dereva peke yake. Anaomba hivyo kwa sababu anaulizwa tani. Ninyi mashefu, kama tunahesabu tani za kila poste, tuandike na moshi wa kila masini.

Wengine watajibu kwamba kusimamisha masini ni hasara. Kubadilisha filtre ya hewa ni kazi ya muda mfupi. Mapafu hayana piyesi ya kubadilisha kwenye magazini. Wengine watasema vantilateri inatosha. Hewa safi ni lazima, lakini haifai kutumwa kusafisha uchafu ambao makanika angeuzuia.

Basi, ninaomba mambo haya:

1. Namba ya moshi na kompresio ya kila masini iandikwe kwenye ubao wa garaji, watu wote waione.
2. Masini inayopita kipimo isishuke mpaka itengenezwe.
3. Hakuna mtu kugusa skrubu ya pompi pasipo ruhusa ya shefu wa garaji.
4. Dispansere ipate nakala ya namba hizo, tuzilinganishe na fishi za wagonjwa.

Nanyi wamama, hewa ileile mbaya inatoka kwenye gurupe ya esansi na kwenye mbabula. Gurupe isiwashwe ndani ya nyumba, wala kwenye baraza, wala karibu na dirisha. Mbabula yenye makala ya moto isilale chumbani na watoto, hata wakati wa baridi. Mtu akilegea kwa hewa hiyo, mtoeni nje haraka, kisha mleteni kwetu.