Kutuma si kufika: usiku wa siku ya 21

Najua nimekuwa kimya siku nyingi. Joto la Ibra, kazi, watoto... lakini sababu kubwa safari hii ni ile kesi ya nyumba ya marehemu babu. Kesi yenyewe sitaizungumzia, iko mbele ya hakimu. Nataka kusema habari ya usiku mmoja tu, maana tulikaribia kushindwa kabla hata hatujasikilizwa.

Kwa wasiojua: familia yetu ina mashauri mawili. La kwanza ni la mirathi, la miaka mingi. La pili ni la madai, na ndani yake tumeshtakiwa watu watatu: mjomba, shangazi na mimi. Ukishakabidhiwa hati ya madai, sheria ya Tanzania inakupa siku 21 kuwasilisha majibu yako kwa maandishi. Zikipita bila majibu na bila kuongezewa muda, kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja. Yaani mwenzio anasema peke yake, nawe unaletewa habari.

Zamani majibu yangechapwa, yakapelekwa masjala, karani akagonga muhuri. Siku hizi sivyo. Kanuni za uwasilishaji wa nyaraka mahakamani kwa njia ya kielektroniki zilitoka mwaka 2018, na tangu Novemba 2023 Mahakama ya Tanzania inatumia mfumo mpya wa kuratibu mashauri. Wakili anaingia kwa kompyuta, anatafuta shauri ambalo tayari lipo, anachagua aina ya waraka, anapandisha faili, na kama kuna ada inatoka namba ya malipo, mnalipa kwa simu. Ndugu zetu wa Mombasa nao wamo: Kenya ilianza Nairobi Julai 2020, na Machi 2024 ikaeneza nchi nzima.

Basi, mimi huku nikachapa ukurasa wangu wa sahihi, nikatia sahihi, nikauskani, nikautuma. Siku ya 19 karani wa wakili akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Tayari nimetuma." Mjomba akajibu alhamdulillahi. Shangazi akaweka maua. Kila mtu akalala.

Siku ya 21 usiku, sijui nini kilinikera, nikamwomba yule kijana anipigie picha ya kioo cha kompyuta yake. Akanitumia. Nikasoma jina la babu, sawa. Tarehe, sawa. Namba ya shauri... jamani! Ilikuwa namba ya mirathi! Mashauri mawili, ukoo mmoja, majina yaleyale kwenye orodha, naye akabonyeza la juu. Majibu yetu yalikuwa yamekaa vizuri kabisa kwenye kesi ambayo hakuna aliyeyauliza.

Hapo kwangu ilikuwa saa tano na nusu usiku. Moyo ukanidunda. Halafu nikakumbuka kwamba Oman tuko mbele yenu kwa saa moja, na kanuni za 2018 zinasema waraka ukiingia kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku kwa saa za Afrika Mashariki unahesabiwa umewasilishwa siku hiyo, ila kama mahakama imepanga saa nyingine au waraka umekataliwa. Kwenu ilikuwa saa nne na nusu tu. Nikampigia kijana, nikampigia wakili, nikamwamsha mjomba alipe ada. Waraka ukaingia kwenye shauri lake saa tano na dakika ishirini. Zilibaki dakika arubaini. Asubuhi masjala wakaupokea, alhamdulillahi ya kweli sasa.

Tangu siku ile mjomba anasema bora karatasi. Namheshimu sana mjomba, na ana hoja. Karani wa zamani angetazama jalada, angesema "Mzee, hili silo faili lako." Mashine haikuulizi. Ukiipa waraka sahihi kwa namba isiyo yake, inashukuru na kuupokea. Na kijana wa huko nyuma alirudi na nakala yenye muhuri mkononi, si neno "nimetuma".

Lakini hapa napingana na mjomba wangu. Kwa karatasi, mimi niliyeko Ibra ningefanya nini usiku ule? Masjala imefungwa, faili liko kabatini, na kosa ningelijua baada ya mwezi, kwa habari za kuambiwa. Safari hii mtu aliye ng'ambo ya bahari aliliona kosa na likarekebishwa usiku uleule. Kosa halikuwa la mfumo. Lilikuwa letu sote, tuliopokea neno "tayari" bila kuuliza "wapi?"

Huku Oman nako mambo mengi ya serikali yako kwenye kompyuta, na wengi wetu tusioandika Kiarabu vizuri tunakwenda ofisi za Sanad, ambako Waoman wanakujazia kwa ada ndogo. Rafiki yangu wa Nizwa alikuwa na shauri la mshahara. Mahakama za hapa ni Kiarabu, kwa hiyo kila karatasi yake ilitafsiriwa kwanza, na hakuweza kusoma kilichopelekwa kwa jina lake. Lakini namba ya kesi aliijua kwa moyo, na hakutoka ofisini bila kuiona kwenye karatasi yake. Sisi, ambao sheria ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, tulishindwa kusoma tarakimu!

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na nayaomba hata kwa wasio na kesi. Kwanza, kila mwanafamilia aandike namba kamili ya shauri, pamoja na mwaka na jina la mahakama, si "ile kesi ya nyumba". Pili, neno "nimetuma" lisikubaliwe bila picha inayoonyesha namba, tarehe na saa, na risiti ya ada kama ipo. Tatu, tusingoje siku ya mwisho. Kuna viapo ambavyo lazima uape mbele ya mtu mwenye mamlaka, na kwangu hiyo ni safari ya Muscat kwenda na kurudi siku nzima. Kompyuta haiapi kwa niaba yako.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari sasa liko kwenye simu ya kila mmoja wetu. Sisi wa ng'ambo hatuna tena kisingizio cha umbali, nanyi wa nyumbani hamna tena kisingizio cha faili kupotea.

Shangazi, ile namba nimeshakuandikia kwa herufi kubwa. Ibandike kwenye friji.

Wasalaam, na niombeeni dua.