Vitanda Kabla ya Karo

Katika soko la Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, yupo mama mmoja Mkongomani auzaye vitenge, ambaye jioni, akiisha kukunja bidhaa yake, huhesabu noti mara mbili, na zile za karo ya bintiye, asomaye ukunga katika chuo binafsi mjini Mbarara, huzifunga katika pindo la khanga, mbali na za chakula.

Sisemi kwamba afunguaye chuo kwa kutaka faida ametenda dhambi. Chuo cha Makerere, mjini Kampala, kilianza kufundisha utabibu mwaka 1924, na ilibidi kungoja hata 1989 ndipo Mbarara ikapata Chuo Kikuu chake cha Sayansi na Teknolojia. Na 2004 chuo binafsi, Kampala International University, kikafungua skuli ya tiba huko Ishaka. Milango ilikuwa michache, na waliobisha ni wengi.

Walakini taaluma ya tiba na ukunga haifanani na bidhaa nyingine. Anunuaye kitenge hukipapasa, akakinyoosha kwenye jua, akaona kama rangi yake ni ya kudumu. Bali anunuaye ukunga hatambui upungufu wa alichouziwa mpaka usiku ule mzazi anapotokwa damu mbele yake, na gharama ya upungufu huo hailipwi na yeye wala na mwenye chuo. Darasa hupanuliwa kwa kuongeza viti. Wazazi wanaojifungua usiku mmoja hawaongezeki kwa karo. Ndiyo maana nimepata kuona wanafunzi wa vyuo mbalimbali wamekizunguka kitanda kimoja, yule wa nyuma akiandika daftarini mambo asiyoyaona, na mgonjwa amejifunika uso kwa haya.

Nilimwuliza yule mama kama chuoni walimwambia bintiye atazalisha wazazi wangapi kwa mikono yake kabla ya kupewa cheti. “Mimi niliuliza bei, ndugu yangu,” akajibu. “Sikujua kuna swali lingine.”

Tatizo hili si la leo. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwanaelimu wa Marekani, baada ya kuzikagua skuli 155 za tiba za Marekani na Kanada, nyingi zikiwa mali ya madaktari walioishi kwa karo, alitoa ripoti iliyoharakisha kufungwa kwa nyingi kati yake. Lakini katika saba za Wamarekani weusi zilisalia mbili tu. Kwa hiyo siombi milango ifungwe, madhali najua ni watoto wa nani watakaobaki nje. Naomba idadi ya wanafunzi ikadiriwe kwa vitanda, wazazi na walimu waliopo, na hesabu hiyo ithibitishwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga kabla ya chuo kupokea hata shilingi moja. Na matokeo ya mitihani ya kila chuo, kwa jina lake, yabandikwe kwa Kiswahili katika kanda za Nakivale, Rubondo na Juru, na pale Base Camp apitapo mama huyu kila asubuhi na furushi lake kichwani.