Ndewe Iliyochanika Haitobolewi Saluni

Msimamo wetu hauna kona: ndewe iliyochanika isiguswe tena na mtu asiye mtaalamu wa afya, awe saluni Makoko, awe sokoni Musoma mjini, awe jirani mwenye sindano na uzi.

Tundu la hereni likishapona huota ngozi ndani yake. Hereni nzito zikivaliwa kila siku, au mtoto akivuta moja kwa kidole, tundu hurefuka mpaka ukingo wa chini unaachia, na ndewe hubaki na ncha mbili. Ncha hizo tayari zina ngozi. Zifunge plasta mwezi mzima, zipake gundi, hazishikani. Daktari hupiga ganzi, hukata ngozi ya kingo mpaka nyama mbichi ionekane, ndipo anashona, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Tundu jipya husubiri miezi, tena huwekwa pembeni mwa kovu, kwa sababu kovu halina nguvu ya ngozi ya asili.

Anayekuahidi kutoboa "juu kidogo tu" anakuuzia mchaniko wa pili. Akipanda zaidi anagusa gegedu, na usaha ukiingia humo sikio linaweza kukunjamana maisha yote. Ngozi nyeusi nayo huelekea zaidi kuota makovu manene yanayotambaa nje ya jeraha. Ukiyakata tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi makubwa kuliko mwanzo. Aliyewahi kuota kovu la namna hiyo asitoboe tena kamwe.

Hatudharau urembo. Wazee wa Kikurya, wanaume kwa wanawake, walitoga na kutanua ndewe zao, na waliifanya kazi hiyo taratibu. Haraka ya leo, kwa bunduki ya kutobolea ya plastiki isiyochemshika inayohama sikio hadi sikio, haina utetezi wowote. Damu ikibaki juu yake, virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7.

Maafisa afya wa Manispaa ya Musoma wazikague saluni za Makoko na kuzipiga marufuku bunduki hizo. Hospitali nazo zibandike ukutani bei ya kushona ndewe na siku ya kliniki, maana mama anayeogopa gharama asiyoijua ndiye anayeishia kwenye kiti cha saluni.