TEMBEA UONE: Bonde la Mosel na Jasho la Mkulima

Wahenga walisema tembea uone. Jumapili hii safu yetu inakupakia garini, tuteremke pamoja bonde la mto Mosel, magharibi mwa Ujerumani, kutoka mji wa Trier hadi Koblenz. Ndege arukaye moja kwa moja baina ya miji hiyo hukata kilomita mia moja hivi. Mto nao hujipinda kama nyoka aotaye jua, hata ukatimiza karibu kilomita 200. Atokaye Trier asubuhi mapema, akaifuata barabara ya kando ya maji bila pupa, atafika Koblenz jua likichwa.

Trier ni mji mkongwe. Lango lake la mawe yaliyosawijika, liitwalo Porta Nigra, lilijengwa na Warumi yapata mwaka 170. Zama zao divai ilikwisha kuwa biashara kubwa bondeni humo. Katika kijiji cha Neumagen kilichoko njiani mwetu iliokotwa sanamu ya jiwe, ya yapata mwaka 220, yenye umbo la chombo cha makasia kilichosheheni mapipa ya divai. Sanamu hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Trier, na kijijini umewekwa mfano wake.

Katika mji huo huo wa Trier ndiko alikozaliwa Karl Marx mwaka 1818, na nyumba aliyozaliwa sasa ni makumbusho. Katika Januari 1843, akiwa mhariri wa gazeti mjini Cologne, kijana huyo wa miaka 24 aliandika juu ya dhiki ya wakulima wa zabibu wa Mosel. Bei ya divai yao ilikuwa imeporomoka baada ya divai ya kusini kuingia sokoni bila ushuru, na serikali ya Prussia haikupenda kusikia kilio chao. Gazeti lilipigwa marufuku, na mwisho wa Machi mwaka huo likafa. Mwaka 1859 Marx mwenyewe aliandika kuwa suala la wakulima hao ni miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kwanza kuchunguza uchumi.

Tuendelee na safari. Kulia na kushoto vilima vimevikwa mizabibu toka ukingoni hadi kileleni. Nchi hiyo ni ya baridi, zabibu zaivaje? Siri imo katika mteremko na jiwe. Mteremko unaoelekea kusini huyapokea maji ya mwanga wa jua kikamilifu, na mto chini huurudisha mwanga huo kama kioo. Ardhi nayo imejaa mawe meusi yapasukayo kama vigae, ambayo hunywa joto mchana na kulitoa usiku. Ndiyo maana mzabibu wa Riesling, uchelewao kuiva, hustahimili hadi mwezi wa Oktoba.

Bernkastel-Kues ni mahali pa kushuka garini. Hapo alizaliwa mwaka 1401 Nicholas wa Kues, mwana wa mwenye mashua, aliyepanda hata akawa kadinali na mwanafalsafa mashuhuri. Mwaka 1458 aliweka wakfu wa kuwatunza wazee 33 maskini, idadi ya miaka ya Yesu duniani, akaupa mashamba ili pato lake liwalishe. Hata leo wazee hutunzwa katika nyumba hiyo, na mizabibu yake bado huzaa. Mwenye mali aliyewakumbuka wazee amedumu katika kumbukumbu kuliko wengi waliojenga ngome.

Mbele, penye kijiji cha Bremm, mto hujikunja kama kiatu cha farasi chini ya mlima Calmont, ambao una mashamba ya mizabibu yaliyo miongoni mwa yenye mwinuko mkali kabisa barani Ulaya, nyuzi zaidi ya 60 mahali pengine. Trekta haikanyagi hapo. Mkulima hupandishwa na kijigari cha reli moja, kisha kazi ni ya mikono na magoti. Vijana wengi wamekimbilia kazi nyingine. Vitalu kadhaa vimegeuka vichaka, na mavuno mara nyingi hutegemea vibarua kutoka Poland na Romania. Uzuri tuusifuo barabarani si wa maumbile peke yake: mkono ukiondoka, nao huondoka.

Cochem na ngome yake tutazame kwa kupita. Wafaransa waliibomoa mwaka 1689, ikajengwa upya katika karne ya 19. Koblenz ndiko Mosel unakoingia mto Rhine, na safari yetu hukomea hapo.

Neno moja kwa wazazi. Penye tawi la kijani lililotundikwa mlangoni, mkulima huuza divai yake mwenyewe pamoja na chakula chepesi, kwa muda usiozidi miezi minne kwa mwaka. Aingie mgeni hapo, fedha yake imfikie aliyeparamia mlima. Dereva na watoto wanywe maji ya zabibu. Naye anayeonja asiinue bilauri kabla ya kuutazama mlima, ajue anakunywa jasho la nani.