Moto mpya ya kikundi: kilometa 1000 za kwanza



Vikundi viwili vimetuletea swali lile lile. Wamefungua kisanduku mwisho wa mzunguko, wamekubaliana wasigawane pesa yote, wamenunua moto ya kufanya teksi, na sasa kila mtu ana maneno yake juu ya rodaje. Fundi mmoja anasema muikimbize tangu siku ya kwanza ili izoee. Mwingine anasema mwezi mzima isipite mwendo wa baiskeli. Kijana atakayeiendesha anasema rodaje ni mambo ya wazee. Na mama keshia anauliza kitu kimoja tu: pesa ya siku, ile wamotari wanayoita versement, inaanza lini?

Tunaanza na swali la mama keshia, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Moto mpya ni pesa inayopita dola 1000. Katika kikundi cha wamama 25, hiyo ni zaidi ya dola 40 zilizotoka katika unga, katika sambaza, katika makala, katika kushona, franga kwa franga. Tunaelewa basi kwa nini watu wanataka moto ianze kuleta kitu kesho yake. Lakini kijana akiambiwa alete franga 10 000 kila jioni tangu siku ya kwanza, hatafanya rodaje hata kama ameapa mbele ya komite yote. Atabeba wateja wawili kupanda Kadutu, gunia la unga mbele yake, mkono umezungushwa hadi mwisho, kwa sababu jioni mama keshia anamngoja. Si kwamba ana roho mbaya. Mmempa kazi mbili zinazopigana.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Tuseme moto inafanya kilometa 80 kwa siku. Kilometa 1000 zinamalizika katika siku 13 hivi. Mkiweka mapumziko ya Jumapili, ni majuma mawili na siku moja. Tuseme tena mmepunguza ile 10 000 ikawa 5000 kwa siku hizo zote. Mmekosa franga 65 000. Mkigawa kwa wamama 25, kila mmoja amekosa 2600. Sasa mwende kwa fundi yeyote mumuulize bei ya pistoni na segmenti zake, bei ya kuchonga silinda, na kazi ya kufungua moteri na kuifunga, halafu mhesabu siku moto italala garaji bila kuleta kitu. Hatuandiki bei hapa kwa sababu zinabadilika kila mwezi. Mtaona wenyewe kwamba 65 000 ni pesa ndogo.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: kabla ya kumpa kijana funguo, muandike karatasi. Hadi namba ya kilometa ifike 1000, versement ni nusu. Hadi hapo, mteja ni mmoja tu. Baada ya hapo ni bei kamili. Kijana atie sahihi, mwenyekiti atie sahihi. Tumesikia wamama wanaosema kijana ni mtoto wa jirani, hakuna haja ya karatasi. Ndiyo sababu hasa ya kuiandika: mtoto wa jirani ndiye mtu mgumu kumgombeza.

Sasa moteri yenyewe. Wengi wetu tunajua jiwe jipya la kusagia. Ukilileta nyumbani halianzi kusaga unga wa watoto siku hiyo. Unalisuguanisha kwanza na jiwe la juu, na unga wa kwanza unautupa kwa sababu una mchanga. Moteri mpya iko vile. Ndani yake kuna pistoni inayopanda na kushuka katika silinda, na juu ya pistoni kuna pete nyembamba, zile mafundi wanaita segmenti. Kazi yake ni kuziba: moto na hewa ya juu zisishuke chini, mafuta ya chini yasipande juu. Lakini uso wa silinda mpya si laini kama kioo. Kiwanda kinauachia mikwaruzo midogo sana inayopishana, jicho haliioni vizuri, na segmenti zinasuguana nayo hadi vitu viwili vikubaliane. Kukubaliana huko ndiko tunaita rodaje. Kazi kubwa inafanyika katika kilometa mia chache za mwanzo, na vumbi la chuma linalotoka linaingia katika mafuta.

Hapo mnaona kwa nini wale mafundi wawili wote wanakosea. Anayeikimbiza tangu siku ya kwanza analeta joto kali mahali ambapo vyuma bado vinasuguana kwa nguvu. Vinaweza kuchubuana, na silinda iliyochubuka haiponi. Anayeibembeleza mno, mwendo wa baiskeli mwezi mzima, au anayeiwasha uani na kuiacha ingurume masaa matatu bila kutembea, naye ana kosa lake. Segmenti zinahitaji kusukumwa na nguvu ya kuungua kwa esansi ili zibane vizuri kwenye silinda. Zikikosa nguvu hiyo, mafuta yanapakaa na kuganda juu ya silinda, uso unakuwa laini kabla ya wakati, na segmenti hazishiki tena. Moto ya namna hiyo inakula mafuta maisha yake yote, na inatoa moshi wa bluu ambao kila mtu sokoni anaujua.

Rodaje nzuri ni mwendo wa katikati, unaobadilika. Kitabu kinachokuja na moto kinasema mwendo wake, na kitabu hicho ndicho mkubwa kuliko sisi na kuliko fundi. Kwa moto nyingi ndogo za teksi, mtakuta kinaomba usipite kilometa 40 hadi 50 kwa saa katika kilometa 1000 za kwanza, kisha kinaongeza kidogo hadi 2000. Asubuhi kijana aiwashe, aingoje dakika moja au mbili, kisha aondoke polepole. Mkono wa kuongeza mwendo usifike mwisho. Asishike mwendo mmoja kwa muda mrefu: barabara ya kwenda Kavumu inavuta mtu atulie na mwendo mmoja hadi afike, na moteri mpya haipendi hivyo. Apunguze, aongeze, abadilishe vitesi.

Milima yetu ndiyo mtihani. Wamotari wengi wanapenda kupanda na vitesi ya juu huku moteri inagugumia na moto inatetemeka, wakidhani wanaokoa esansi. Hiyo inaumiza moteri mpya kuliko mwendo wenyewe. Ashushe vitesi mapema, moteri izunguke kwa wepesi. Asiende upande mwingine tena, kupanda na ya kwanza huku moteri inapiga kelele. Na wakati wa kushuka, kama pale Ngomo kwenda Kamanyola, asizime moteri ili ateleze bure. Tunajua wanafanya. Freni mpya nazo zina rodaje yake: bado hazijashika vizuri, zinahitaji kutumiwa polepole kilometa nyingi kabla mtu hajaziamini mteremkoni. Matairi mapya nayo yanateleza siku za mwanzo, zaidi kwenye udongo wenye mvua. Kama mmechagua msimu wa mvua kununua moto, mwambieni kijana asilalie kona.

Mafuta sasa, na hapa tunaomba wamama wa komite wasikilize kuliko kijana. Lile vumbi la chuma tulilosema linazunguka na mafuta ndani ya moteri. Kwa hiyo vidanji ya kwanza haingoji muda wa kawaida. Kitabu mara nyingi kinaitaka kati ya kilometa 500 na 1000. Kama chenu kinasema 500, basi ni 500, ambayo kwa hesabu yetu ya juu ni siku ya 6 au ya 7. Mafuta yakitoka yana mng'ao mng'ao wa fedha, msiogope, ndiyo unga wa kwanza wa jiwe jipya. Ni karibu lita moja tu kwa moto hizi, na kitabu kinasema ni mafuta ya namna gani. Mwanamke mmoja wa komite aende na kijana, aone mafuta ya zamani yakitoka na chupa mpya ikifunguliwa mbele ya macho yake. Chupa zilizojazwa upya ziko nyingi sokoni, kwa hiyo mnunue mahali mnapojua, na chupa tupu muitoboe.

Mtu asiwadanganye kwamba wakati wa rodaje mnaongeza mafuta ya moteri ndani ya esansi. Hilo lilikuwa la zile moto za zamani zilizochoma mafuta pamoja na esansi. Moto za teksi za leo zina mafuta yake chini, peke yake, na esansi yake juu, peke yake. Mkichanganya, mtachafua buji na hamtasaidia kitu.

Kuna jambo linalokuja kabla ya haya yote, na tumeliacha hadi hapa kwa sababu watu wengi hawalifikirii. Moto nyingi zinafika mjini katika makartoni, vipande vipande, na zinafungwa na fundi wa duka, pengine kumi kwa siku. Kabla ya kuiondoa dukani, ombeni waonyeshe mafuta yako ndani ya moteri na yamefika alama. Mwenye duka asikasirike. Kisha baada ya siku mbili tatu za barabara za mawe, irudisheni kwa fundi akaze bolti zote, aangalie spoki za magurudumu, na apime mnyororo, maana mnyororo mpya unalegea upesi. Ukibana sana unavunja, ukilegea sana unaruka. Kitabu kinasema nafasi yake, mara nyingi ni sentimeta 2 hadi 3 katikati. Kama duka limewapa garanti, someni masharti: kwa kawaida inakufa mkikosa servisi ya kwanza. Karatasi ya servisi ikae katika kisanduku cha kikundi, chini ya kufuli zenu tatu, isikae katika mfuko wa kijana.

Moto ya rodaje iwe na mkono mmoja. Kila mtu anazungusha kwa namna yake, na kijana mkuu akimpa mdogo wake usiku "atafute kidogo", hamtajua nani alifanya nini. Shida nyingine inatoka nyumbani. Jumapili baba wa mama fulani anakuja kuazima moto ya kikundi aende harusi Walungu, yeye na shemeji wawili nyuma. Kumkatalia ni vigumu, maana ni mume wa mwenzetu. Kikundi kimoja kilipata jibu ambalo tunalipenda: mwenyekiti ndiye anajibu, si mke wake. Anasema, "Baba, tunakuheshimu. Moto bado iko katika rodaje, haijafika 1000. Utuvumilie." Wameiandika namba hiyo ubaoni pale wanapokutana, na kila juma wanabadilisha. Baba anaiona mwenyewe. Namba ikipita 1000, hapo itabidi watafute jibu lingine, lakini wana majuma mawili ya kulifikiria.

Daftari liwe na mistari michache: tarehe, namba ya kilometa asubuhi na jioni, esansi, mafuta, kitu chochote kilichosikika. Asiyejua kuandika anaweza kumwambia mtoto wake wa shule. Baada ya kilometa 1000 msifungue mlango wote kwa siku moja. Ongezeni mzigo na mwendo kidogo kidogo hadi 2000, kisha vidanji zifuate muda wa kitabu. Na hata baada ya hapo, moto iliyoumbwa kubeba watu wawili haijawa Fuso.

Mama mmoja ametuuliza kama haya yanahusu gari pia, maana kaka yake analeta gari kupitia bandari ya Dar es Salaam. Gari mpya kabisa, ndiyo: mwendo wa kubadilika, bila mzigo mzito, bila kukimbiza, kwa kilometa ambazo kitabu chake kinataja. Lakini gari nyingi zinazotufikia ni okazio kutoka Japani. Rodaje yake ilimalizika miaka mingi kule kwa mwenyewe wa kwanza, na mtu akiwauzia maneno ya rodaje hapo anajaza mdomo tu. Isipokuwa moteri imefunguliwa na kuwekewa pistoni au segmenti mpya. Hapo, gari au moto, hata kama ina miaka 20, inaanza tena kama mtoto mchanga: polepole, vidanji ya mapema, na yule fundi aliyeifunga aisikilize tena baada ya kilometa 500.

Juu ya plake, asiransi na karatasi nyingine za moto ya kikundi, na hasa jina la nani linaandikwa juu yake, tutaandika juma lijalo. Vikundi vilivyopata shida na jina hilo, leteni habari kabla ya Alhamisi.